Taa ya vizimba na wimbi ambalo halikuwepo

"Mwangaluka fundi." Mama kafika asubuhi bado sijamaliza hata chai, mkononi ana taa ya boya kaifunga kwenye kanga iliyolowa, nikamjibu mwangaluka mayu, shikamoo, karibu ukae. Banda langu liko Kirumba, Mwanza, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo wateja wangu wengi ni watu wa ziwani, taa za karabai za wavuvi siku hizi zimeondoka, zimekuja za LED na betri na paneli, na kila kinachokaa majini lazima siku moja kitakuja mezani kwangu.

Huyu mama anafuga sato kwenye vizimba upande wa Kayenze. Kila kona ya eneo lake kaweka taa inayomweka usiku, inawaka kidogo inazima, inawaka kidogo inazima, ili mitumbwi isipite juu ya nyavu. Sasa akaniambia hivi, "Mwanangu hii taa inanitesa, jioni inawaka vizuri kabisa, ikifika saa 10 alfajiri imekata, na hiyo ndo saa watu wa dagaa wanarudi, juzi mmoja kanipitia kwenye kona nusu anichanie kizimba." Nyavu ikichanika hapo samaki wa miezi sita wote wanaondoka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nilivyoanza kuipima nilikuwa napima kitu cha maana kwa mtu, na ndo maana nataka niandike nilichojifunza manake kimenila siku mbili nzima na naamini kuna fundi mwingine mahali kitamla pia.

Watu wanadhani skopu (osiloskopu, ile mashine inayochora kwenye skrini umeme unavyopanda na kushuka kwa muda) ina ugumu kwenye vitu vya kasi, redio, megahezi na nini. Kitu kinachomweka mara moja kila sekunde 4 unaona kama hata macho yanatosha. Sio kweli jamani. Kitu cha polepole ndo skopu ya dijitali inaweza kukuchorea picha safi kabisa, nzuri, na ikawa ya uongo.

Nilichofanya kwanza ni kuweka rezista ya omu 0.1 kwenye waya wa hasi wa betri, alafu probu ya skopu, yaani waya wake wa kupimia, juu ya hiyo rezista. Taa ikivuta miliampea 400, pale inasomeka milivolti 40. Weka upande wa hasi kwa sababu klipu ya ground ya skopu imeungana na ethi ya ukutani, ukiibandika ovyo kwenye saketi iliyoshika umeme wa ukutani unaunguza kitu. Betri haikuwa na chaji, nikaiweka taa kwenye pawa saplai ya mezani. Hilo la pawa saplai likumbukeni, tutalirudia.

Dogo anayejifunza kwangu akabonyeza ile AUTOSET, kitufe cha skopu kujiseti yenyewe, kama wengi tunavyofanya. Skopu ikatafuta tafuta, ikatulia kwenye milisekunde 5 kwa mraba mmoja wa skrini, inaonyesha mchirizi unaotetemeka. AUTOSET nyingi hazina subira ya kungoja sekunde 4, zinatafuta kitu kinachojirudia haraka, zikikosa zinashika chochote kilichopo hata kama ni mtetemo wa umeme wa ukutani. Kwa kazi hii iache kabisa, seti kwa mkono.

Alafu kuna AC na DC. Skopu ilikuwa imebaki kwenye AC tangu kazi ya amplifaya ya jana yake. Kwenye AC kuna kapasita ndani inayozuia umeme uliotulia, inapitisha vinavyobadilika tu, na mpaka wake kwa skopu nyingi uko chini kidogo ya hezi 10. Kwa muziki ni sawa. Kwa taa hii, mmweko ambao ni mstatili mnyoofu ulikuwa unatokea kama mwiba unapanda alafu unateleza kurudi sifuri wakati taa bado inawaka, ukizima unakuja mwiba mwingine wa kwenda chini. Na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba AC inafuta ule umeme wa kudumu, yaani kama taa inavuta kitu hata ikiwa imezima, AC haikuonyeshi hata tone. Nikaweka DC. Mstatili ukakaa.

Triga nayo, ile inayoamua skopu ianze kuchora lini, kwa kifupi tu: kwenye modi ya AUTO skopu ikingoja kidogo isipoona mmweko inachora yenyewe, kwa hiyo picha inarukaruka. Weka NORMAL, level katikati ya mmweko, mimi niliweka milivolti 20, alafu usiwe na haraka.

Sasa tuje kwenye lililonila.

Nilitaka kuona mimweko mingi kwa mpigo, nikaweka sekunde 10 kwa mraba. Skrini ina miraba 10, kwa hiyo ni sekunde 100 mwanzo hadi mwisho, naona mimweko 24 na ushee. Na chini yake, pale ambapo taa imezima, nikaona mstari haukai sifuri. Unapanda taratibu hadi kama milivolti 8, unashuka taratibu hadi karibu na sifuri, unapanda tena, wimbi laini kabisa, zuri kama la kwenye kitabu, linachukua kama sekunde 20 kwa mzunguko. Nikamwambia dogo tumempata mchawi, taa inavuta umeme ikiwa imezima, na inavuta kwa kupanda na kushuka. Nikaanza kuwaza joto, nikapuliza bodi, wimbi lipo. Nikashika transista kwa kidole, lipo. Baada ya dakika chache mzunguko ukawa sekunde 12, baadae ukarudi 20, nikasema hii sasa ni joto kweli manake inabadilika kadiri siku inavyopata jua.

Nikakumbuka kanuni tuliyofundishwa, kama una wasiwasi na wimbi badilisha taimubesi, yaani muda kwa kila mraba, la uongo litabadilika, la kweli litabaki. Nikashuka hadi sekunde 5 kwa mraba. Wimbi likabaki vile vile, sekunde 20! Hapo ndo nikaamini kabisa. Nikalala nimeamini.

Kesho yake betri ishapata chaji, nikachomoa pawa saplai nikaiweka taa kwenye betri yake yenyewe. Wimbi likapotea. Ukabaki mstari umetulia kwenye milivolti 4 na nusu hivi.

Nikakaa chini na kalamu. Skopu yangu ni ya zamani, kumbukumbu yake ni pointi 2500 kwa chaneli, ndo hizo hizo hata ufanye nini. Ukiiambia ichore sekunde 100, inagawa 2500 kwa 100, inachukua sampuli 25 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 40. Kwenye kava wameandika gigasampuli moja kwa sekunde, yaani sampuli bilioni moja, na ni kweli, lakini ni kwa taimubesi za kasi. Ukipanua muda, kasi ya sampuli inaporomoka na hakuna king'ora kinacholia. Na umeme wetu wa ukutani, ambao mtetemo wake ulikuwa unaingia kupitia ile pawa saplai, ni hezi 50, mzunguko mmoja milisekunde 20. Sasa tazama, kila milisekunde 40 skopu inafumbua jicho mara moja, na mtetemo wa umeme unakuwa umezunguka mara mbili kamili na umerudi pale pale. Umeme ungekuwa hezi 50 kamili bila kupungua, ningeona mstari umenyooka. Lakini gridi yoyote duniani inacheza kidogo, ikiwa 49.95 basi kila sampuli inaukuta mtetemo umechelewa kidogo tu kuliko ile ya nyuma, kidogo tena, kidogo tena, ukiunganisha hizo nukta unapata wimbi la hezi 0.05, ndo sekunde 20 zangu. Gridi ikiwa 49.92 unapata kama sekunde 12. Nilikuwa naangalia pumzi ya gridi nikidhani ni joto la transista.

Na kile kipimo changu cha kubadilisha taimubesi kilinidanganya kwa sababu nilitoka sampuli 25 nikaenda 50 kwa sekunde, na 50 nayo inaingia kwenye hezi 50 sawasawa, mara moja badala ya mara mbili, kwa hiyo wimbi la uongo linabaki na sura ile ile, ni kama umebadilisha kiti ukabaki nyuma ya nguzo ile ile. Ningeshuka hadi sekunde 1 kwa mraba, sampuli 250, ningeona ukweli muda huo huo: mstari unakuwa mnene kama kamba, unene wa milivolti 8, na ukiuvuta ndani unaona mawimbi ya milisekunde 20. Kwa hiyo unapobadilisha, badilisha kwa mbali, na uhakikishe kasi mpya ya sampuli imepita mara mbili ya kitu chochote chenye kasi ambacho kinaweza kuwepo kwenye waya, sio mara mbili ya kile unachokitafuta. Hiyo mara mbili ndo ile kanuni ya sampuli ya Harry Nyquist wa 1928 na Claude Shannon akaja kuinyoosha 1949. Wengi tunaikariri, lakini tunaipigia hesabu taa yetu ya sekunde 4, tunasahau umeme wa ukutani nao umo humo humo kwenye waya.

Kuna njia fupi zaidi. Skopu nyingi zina modi ya PEAK DETECT. Hapo, badala ya kuchukua nukta moja kila milisekunde 40, inatazama muda wote huo kwa kasi yake kubwa alafu inatunza cha juu kabisa na cha chini kabisa. Niliiwasha ili nione tu, nikarudisha pawa saplai, na lile wimbi zuri likageuka mkanda mnene ulionyooka. Siku hizi kabla sijaamini picha yoyote ya polepole nabonyeza kwanza hiyo, inachukua sekunde tatu. Jamaa yangu mmoja ana Rigol DS1054Z yenye pointi milioni 12 ukitumia chaneli moja, yeye akichora sekunde 120 bado ana sampuli laki moja kwa sekunde, mtetemo wa gridi hauwezi kumchezea hivi. Kama unanunua skopu na kazi zako ni za taimer, betri, sola, pampu, angalia kwanza ukubwa wa kumbukumbu kabla ya megahezi.

Basi tukabaki na ile milivolti 4 na nusu. Ni kidogo, na skopu ina biti 8, ngazi 256 tu. Nikiwa kwenye milivolti 10 kwa mraba, miraba 8 ya wima, ngazi moja ni karibu milivolti 0.31, ambayo kwa rezista yangu ni miliampea 3. Kwa hiyo 4.5 ni kama ngazi 14, inasomeka, ila kwanza nilibana ncha ya probu na klipu yake sehemu moja nione sifuri ya skopu iko wapi kweli, manake sifuri yenyewe inaweza kuwa imehama milivolti nzima. Alafu nikawasha AVERAGE ya mara 64, skopu inachora wastani wa michoro 64. Hapo uwe na moyo, mmweko unakuja kila sekunde 4, mara 64 ni zaidi ya dakika 4 za kungoja, lakini mtetemo wa gridi haujui mmweko unakuja lini, kwa hiyo kila raundi unaangukia mahali tofauti na unajifuta wenyewe, kile kinachofuatana na mmweko kinabaki. Mstari ukakaa. Miliampea 45 wakati taa imezima.

Upana wa mmweko nao niliupima upya kwa taimubesi ya kasi. Kwenye sekunde 10 kwa mraba mmweko wangu wote ulikuwa pointi 8, ukikosea pointi moja umekosea zaidi ya asilimia 12. Nilipousogelea nikapata sekunde 0.32 kwa miliampea 400. Gawanya kwa mzunguko wa sekunde 4.07, wastani wa mimweko ni kama miliampea 31. Ule wa kuvuja, 45, unakaa muda wote uliobaki, wastani wake kama 41. Yaani giza lilikuwa linakula betri kuliko mwanga! Jumla miliampea 73 hivi, na betri niliipima kwa mzigo ikatoa miliampea-saa 700, inakwenda saa tisa na nusu na kidogo. Mama anawasha saa 12 na nusu jioni. Hesabu mwenyewe inakata saa ngapi. Nilipofika hapo nikainuka nikaenda kusimama nje kidogo, kwa furaha tu, namba za mezani zimelingana na maneno ya mama bila kulazimisha.

Kufungua bodi, transista ya kuwashia LED ina ukijani katikati ya miguu, maji yaliingia kwenye silikoni ya mfuniko. Nikaitoa nikaweka nyingine, nikasugua bodi kwa mswaki na spiriti, nikaianika. Kuvuja kukashuka chini ya ngazi moja ya skopu, hapo nikahamia mita, ikasoma miliampea 0.2 kati ya mmweko na mmweko. Huko chini mita ndo inasema vizuri kuliko skopu.

Kuna jambo la mzunguko wenyewe bado, manake mama ana taa nne na nilitaka zifanane. Wengi wanasema ukitaka kupima muda vizuri chukua mizunguko mingi ugawanye. Ni kweli kwa saa ya mkononi. Kwa skopu yenye kumbukumbu ndogo haisaidii kitu, kwa sababu ukipanua skrini uingize mizunguko mara tano, sampuli nazo zinaachana mara tano, unagawa kosa kubwa kwa namba kubwa unarudi pale pale, kwangu ni kama milisekunde 3 hadi 4 kwa kila mzunguko iwe umechukua miwili au kumi na miwili. Dawa yake ni kuchelewesha. Triga kwenye mmweko wa kwanza, SINGLE (ishike mara moja tu), alafu sogeza dirisha mbele sekunde 40.7 huku taimubesi iko milisekunde 10 kwa mraba. Skopu inashika mmweko wa kwanza, inahesabu kimya, inakuja kufumbua macho pale mmweko wa kumi baada ya ule unapofika, na sampuli ziko elfu 25 kwa sekunde. Nilipata 40.72. Hapo kosa linalobaki ni la saa ya ndani ya skopu, yangu ni sehemu 50 kwa milioni, milisekunde 2 kwenye sekunde 40, ugawe kwa 10. Kwa hiyo 4.072 naiamini hadi tarakimu ya mwisho.

Dogo katikati ya hayo akataka kuona kapasita ya taimer inavyojaa. Saketi ni 555 ya CMOS, chipu ya kupima muda isiyokula umeme mwingi, ile familia aliyoibuni Hans Camenzind 1971, rezista ya megaomu 1 na nyingine ya kiloomu 100, kapasita maikrofaradi 4.7. Akabandika probu ikiwa swichi yake iko x1, taa ikaacha kumweka kabisa. Akashtuka, "bro nimeua." Hajaua. Probu kwenye x1 ni mzigo wa megaomu 1 kwenda hasi, kapasita inajazwa kwa megaomu 1.1 huku inavujishwa kwa 1, haiwezi kupita hata nusu ya volti za betri, na 555 inangoja theluthi mbili. Itangoja milele. Akaweka x10, ikarudi kumweka ila muda wa giza umerefuka karibu asilimia 15. Nikamwambia atoe mkono kwenye kapasita ahamie pini ya 3, ile ya kutolea ya 555, huko kuna nguvu, probu haisikiki, na muda unaoutaka ni ule ule.

Taa imerudi Kayenze tangu Jumanne. Zile tatu zilizobaki mama kaniletea jana jioni, "angalia na hizi mwanangu kabla hazijaanza." Ya kwanza nimeshaiweka, iko kwenye betri yake, DC, NORMAL, wastani mara 64. Inaonyesha milivolti 1.2 ikiwa imezima. Naenda kuifungua.